Wageni wa Raya

Jumamosi, 11 Januari

Wajerumani leo. Wamefika kabla yangu, kama kawaida yao. Soko la samaki, kisha kornishi, ile barabara ya pwani ya Matrah, kisha ndani ya soko la zamani. Halwa na gahawa. Viungo. Lubani. Mwisho nyumbani kwetu, nyuma ya soko, kwa Mama, kula.

Halwa hawakuimaliza. Mzee mmoja alisema inamnata kwenye meno. Nikacheka kwa adabu.

Mama alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nikasimulia kama ninavyosimulia siku zote: mamaangu, msichana wa Unguja, merikebu, sanduku la mninga, mawimbi. Mama amekaa kwenye kiti chake anatabasamu. Wageni wakampiga picha. Hapo ndipo matembezi yangu yanapopata utamu. Kampuni nyingine zina mabasi na vipaza sauti. Mimi nina Mama.

Raya alikuwa jikoni anaosha sahani. Mdogo wangu. Amerudi mwezi uliopita kutoka Cork, Ayalandi, baada ya ndoa yake kuvunjika. Huko nako alikuwa akitembeza wageni kwa miguu: jibini, siagi, mikate, pombe, na historia ya mji. Amesema atanisaidia msimu huu. Nimesema sawa. Ningesemaje?

Jumanne, 14 Januari

Nimempa Raya nusu ya njia, kutoka kornishi mpaka kwenye viungo. Nilidhani atababaika. Hajaishi hapa tangu alipoolewa.

Hakubabaika. Anatembea kinyumenyume huku anawatazama usoni. Anawauliza wao maswali. Mama mmoja wa Kiskoti alitaka kujua bia inauzwa wapi Maskati. Swali hilo mimi hunikera, na kukereka kwangu huonekana. Raya akacheka. Akamwambia kule Cork alikuwa akiwaingiza watu kwenye baa kongwe, anasimama na juisi yake ya tufaha, anawaeleza ladha ya bia nyeusi asiyopata kuionja maishani mwake, na watu wanamwamini. Kisha akamtilia gahawa. "Hii naijua," akamwambia. Kundi zima likacheka.

Walipomaliza kula wakampigia makofi.

Miaka yote hii hakuna aliyenipigia makofi. Wananishukuru. Wananipa mkono. Makofi, hapana.

Ijumaa, 17 Januari

Ijumaa hatuna wageni. Kakaetu Suleiman alikuja na mkewe kula. Mama kapika mkate wa kumimina. Nilimwomba mkate huo Idi iliyopita, akasema mikono inamuuma. Kwa Raya mikono haiumi.

Walikuwa jikoni wanacheka. Nikaingia, wakanyamaza. Si kwa ubaya. Ni vile kicheko kinavyokwisha mtu mwengine akiingia. Nikachukua chumvi nikatoka. Chumvi nyingine ilikuwepo mezani tangu mwanzo.

Mimi ndiye niliyebaki. Acha niandike. Baba alipougua nilikuwepo mimi. Suleiman kajenga kwake Mabela, nje ya mji. Raya kaolewa kaenda zake Ulaya, anapiga simu Ijumaa. Mimi nilibaki na Mama katika nyumba hii, namsugua magoti kwa mafuta, nampeleka kupimwa macho, namsikiliza akikohoa. Posa mbili zilikuja, zote za kuhamia Salala, kusini kabisa. Nikakataa. Hakuna aliyenilazimisha, najua. Na sasa Raya kaingia na masanduku yake, kafungua madirisha, kasema nyumba inataka hewa, na Mama anasema kweli, nyumba ilikuwa inataka hewa.

Jumapili, 19 Januari

Ujumbe wa asubuhi. Familia ya Kifaransa wanataka matembezi "na yule Raya". Wameambiwa na rafiki zao.

Nikawajibu kwamba Raya hana nafasi.

Ana nafasi.

Alhamisi, 23 Januari

Raya kachukua kundi peke yake. Nilisema nnakwenda benki Ruwi. Sikwenda. Niliwafuata.

Mwanamke mtu mzima, nimejificha nyuma ya mashali ya duka la Mhindi, namchungulia mdogo wangu. Mwenye duka akaniuliza kama nataka la pashmina. Nikamwambia naangalia tu. Na kweli nilikuwa naangalia.

Kwenye duka la viungo Raya akashika ndimu kavu, zile nyeusi. Akawaambia wageni: mamaangu alipofika kutoka Zanzibar, bi harusi mgeni, hajui neno la Kiarabu, alikuta gunia la vitu hivi jikoni kwa mama mkwe. Akadhani ni ndimu zilizooza. Akaona aibu kwa niaba ya nyumba. Akalibeba gunia zima akenda kulimwaga, ili mama mkwe akirudi akute jiko safi. Mama mkwe alipouliza ndimu ziko wapi, bi harusi akaelewa neno moja tu, ndimu, kwa kuwa muuza mboga alishamfundisha. Akatabasamu, akamwonesha jaa.

Wageni wakacheka mpaka mmoja akashika nguzo. Mwenye duka naye akacheka.

Mimi sikupata kukisikia kisa hicho. Bibi huyo aliyemwagiwa ndimu nilimjua, nililala naye kitanda kimoja utotoni. Mama nimekaa naye maisha yangu yote. Sikupata kukisikia.

Kisha Raya akasema: "Alikuja na ndege, na alitapika njia nzima."

Nikarudi nyumbani kwa njia ya juu. Baada ya Magharibi, Raya yuko kwa Suleiman, nikamuuliza Mama.

"Mama, ulikuja na ndege?"

"Na ndege, ndiyo. Nlilitapikia gauni jipya, la kuazima vilevile."

"Na merikebu?"

"Merikebu ni yako wewe. Mi sijui uliitoa wapi."

Nilimuuliza mbona hakunambia. Mbona kanyamaza kwenye kiti chake miaka yote hii, na Kiingereza anakisikia vizuri, anatazama tamthilia zake za televisheni bila ya maandishi.

"Wageni walikuwa wakiipenda," akasema. "Nkakuachia. Na wewe hukuniuliza, Thuraiya. Wewe kila asubuhi hunambia wageni wanakuja saa ngapi na wangapi hawali pilipili. Mwenzio kakaa pale jikoni akaniuliza."

Hakusema kwa kunilaumu. Ingekuwa afadhali.

Jumamosi, 25 Januari

Bi Nora anakuja Jumatano. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa Raya kule Cork, mwenye yale matembezi. Anakuja Maskati pamoja na wenziwe wanaouza safari. Wakipenda tunachofanya, kila msimu wa baridi wataleta makundi.

Raya kaniomba aongoze yeye, njia nzima, mwanzo mpaka mwisho. Kaomba vizuri. "Dada, ukiniruhusu." Nikasema nimekuruhusu.

Mama tangu leo anapanga atapika nini, utadhani anaoza mtu. Nguru wa kupaka. Wali wa nazi. Mbatata za ukwaju. Mwisho vitumbua, na chai ya majani ya zaatari.

Namuonea kijicho mdogo wangu. Nimeandika. Neno limekaa vibaya kwenye karatasi lakini ndilo.

Jumatatu, 27 Januari

Kundi langu mwenyewe leo, Waitalia. Nilipofika kwenye kisa cha Mama nikakwama. Siwezi tena kusema merikebu, na Mama yuko pale ananitazama. Siwezi kusema ndege, ndege ni ya Raya. Nikasema tu: "Mamaangu katokea Zanzibar." Nikagawa sahani. Wakangoja. Kisha wakala.

Mama akanitilia wali zaidi. Akanitazama kwa huruma. Huruma sikuitaka.

Jumatano, 29 Januari

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Raya katoka mapema kwenda kuwachukua wageni wake hotelini. Mama yuko jikoni, nguru kashamsafisha, nazi imeshakunwa, mchele uko kwenye maji. Kanisikia naingia. Kauliza bila kugeuka, wamekwisha kutoka?

Nikasema: "Mama, hawaji. Bi Nora kaumwa. Raya kanipigia simu. Wameakhirisha."

Sikuwa nimepanga. Au nilipanga na sikujiambia. Maneno yalitoka yamepangika vizuri.

"Maskini," akasema. "Mwambie ugua pole." Akamfunga nguru, akamtia kwenye friji la barafu. Akamwaga maji ya mchele. Kisha akanambia, maadamu hakuna mtu, ntatia mafuta kichwani nipumzike. Nikamtia mimi. Nilikaa nyuma yake nikamtia mafuta na kumkanda kichwa.

Kisha nikatoka nikaenda sokoni kuwasubiri. Nilitaka kuona. Nilitaka nimwone Raya anasimama mbele ya mlango na kundi lake, hana la kuwapa.

Raya alikuwa mzuri leo kuliko siku zote. Bi Nora, mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe, kila saa anageuka kuwatazama wenziwe, kama kusema, si niliwaambia? Walikula kidogo njiani. Raya kawakataza kushiba. "Mamaangu amepika," akawaambia.

Akagonga. Akaufungua mlango wetu.

Mama akatoka na dira la kulalia, limefifia kifuani, kichwa wazi, mafuta yanamtiririka kwenye paji la uso. Mbele yake watu wale wote na kamera zao. Akavuta pazia la mlango kujistiri. Mamaangu, ambaye hata muuza gesi hamfungulii bila ya mtandio.

"Mama," Raya akasema, "wageni."

Mama akamtazama Raya. Kisha akanitazama mimi, nyuma ya watu. Alinitazama muda wa kutosha.

Akasema: "Nimesahau, mwanangu. Nimesahau kama ni leo. Uzee huu."

Akaenda kujifunika, akarudi na tende na maji, akawaomba radhi kwa Kiingereza ambacho hajapata kukisema mbele ya mgeni yeyote. Bi Nora akamshika mkono. Raya kawapeleka mkahawani kule kornishi, uso wake umekuwa mweupe. Mimi nikabaki mlangoni.

Nilidhani Mama atanifokea. Hakunifokea. Aliingia ndani, akamtoa nguru kwenye barafu, akamtazama, akamrudisha.

Alhamisi, 30 Januari

Wageni wameshasahauliwa. Raya hawataji kabisa. Kampigia Suleiman, Suleiman kaja moja kwa moja kutoka kazini na kanzu yake ya wizarani.

Wamekaa sebuleni wanakumbushana. Mwezi uliopita Mama kamwita Raya kwa jina la marehemu shangazi. Kaacha pasi ya moto. Kamwuliza Suleiman mara mbili kama mtoto wake keshafanya mtihani. Mambo ambayo mwezi uliopita tuliyacheka, leo ni ushahidi. Mkubwa mmoja ofisini kwa Suleiman, mamaake alianza hivihivi. Alianza kwa kusahau wageni.

"Wewe uliye naye kila siku," Suleiman akaniuliza, "hukuona kitu?"

Nikasema sikuona kitu. Raya akasema, kwa upole, kwamba mtu akiwa karibu sana haoni.

Mama alikuwa amekaa palepale. Wakamwambia atakwenda kwa daktari. Akasema, "Mnavyotaka."

Jumapili, 2 Februari

Raya kahamia chumbani kwa Mama. Anamwandalia nguo. Kafunga gesi, ufunguo anao yeye. Anapika yeye, na Mama amekaa kwenye kiti na mikono mapajani, kama abiria anayengoja jina lake liitwe. Bi Zamzam, jirani, kaja kumtazama, kasema naye polepole na kwa sauti kubwa. Habari imeshafika mtaani.

Nilimpelekea chai. "Ahsante," akasema. Hilo tu. Siku nzima hilo tu.

Jambo moja niandike, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Raya sasa hatoki. Matembezi ya leo niliongoza mimi, peke yangu, kama zamani. Na kwa dakika chache pale kornishi nikafurahi. Nilifurahi wallahi. Kisha nikawa sijielewi.

Kesho ntasema.

Jumatatu, 3 Februari

Sikusema. Nilifika mpaka mlango wa chumba. Raya alikuwa anamchana Mama nywele, analia kimyakimya nyuma ya kichwa chake ili Mama asimwone. Nikarudi.

Jumanne, 4 Februari

Hospitali. Daktari ni msichana mdogo, Kiarabu chake cha pwani ya Batina, mpole. Kamuuliza Mama mwezi gani huu, mji gani huu. Kamwambia achore saa. Mama kajibu kila kitu. Kachora saa, katia na mishale. Daktari akanitazama mimi na Raya kama kusema, mbona mzima?

Raya akamweleza habari ya wageni. Alieleza yote, mlango, mafuta, dira la kulalia, na sauti ikamkatika. Daktari akamgeukia Mama. Ilikuwaje siku ile, mama yangu?

Mama akatazama mikono yake.

"Nlisahau," akasema.

Daktari akaandika. Akasema basi tupige picha ya kichwa, na tuanze dawa ndogo, tuone.

Dawa. Nikaona Mama anameza vidonge vya ugonjwa nilioutunga mimi jikoni.

"Hakusahau," nikasema. "Mimi nilimwambia hawaji."

Nilisema kwa Kiarabu, kwa hivyo nikarudia kwa Kiswahili, asije mtu akasema hakuelewa. Daktari akaweka kalamu chini. Raya bado hakuelewa. Alinitazama kama ninasema kuhusu watu wengine.

"Kwa nini?" akauliza.

"Kwa sababu yako."

Chumba kidogo kile. Hakuna pa kutazama. Mama akatafuta viatu vyake kwa miguu, akavivaa, akanyanyuka. Akamshukuru daktari. Nje, kwenye ujia, Raya katangulia mbali, Mama akasimama akajishika ukutani. Nikataka kumshika. Akaniachia nimshike.

"Nlitaka nione utaniacha mpaka wapi," akasema.

Jumatano, 5 Februari

Raya kafunga masanduku. Kahamia kwa Suleiman. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Alisema akiwa anakunja nguo, mgongo kanipa:

"Ungeniambia niondoke ningeondoka, dada. Pa kwenda ningepata. Lakini kumfanya Mama mwehu?"

Niliinua sanduku moja nimsaidie. Akalichukua kutoka mkononi mwangu.

Suleiman hapokei simu zangu.

Ijumaa, 7 Februari

Mama kanambia baada ya Asri. Hapokei wageni tena. Wangu wala wa Raya.

Nikasema, Mama, kosa ni langu, usijiadhibu.

"Sijiadhibu," akasema. "Nimechoka kuwa kituo cha mwisho."

Jumapili, 9 Februari

Kundi dogo. Nimemalizia matembezi kornishi, chai na mkate wa jibini, kwenye vibao vya kukalia. Mmoja akauliza, si mlisema tutakula nyumbani? Nikasema nyumbani kuna mapumziko. Wakatawanyika. Nikakaa pale mpaka chai ikapoa.

Matembezi yangu bila ya Mama ni kutembea tu.

Jumatano, 12 Februari

Nilimkuta Mama anachambua mchele. Nikakaa kitako pembeni yake nikachukua ungo wa pili. Baadaye nikamuuliza habari ya bibi na zile ndimu. Alipooneshwa jaa, alifanya nini?

"Wauliza kwa ajili ya wageni?"

"Hapana."

"Huendi kuwasimulia?"

"Sendi."

Akanitazama kidogo. "Basi sogea huku, kuna mwanga."

Akanihadithia. Ndimu, na baada ya ndimu, na mwaka ule wa kwanza wote, mambo ambayo hata Raya hajaambiwa, au labda kaambiwa, sikuuliza. Mchele ulikwisha akaendelea. Mambo mengine yalinichekesha. Moja lilinifanya nitoke nje kidogo.

Sitayaandika. Niliahidi, na pia sitaki kuyaona yamepangwa mistari.

Jumapili, 16 Februari

Ujumbe wa Raya, wa kwanza tangu aondoke. Haukuja kwangu peke yangu, umekuja kwa ukoo mzima. Anaanza matembezi yake mwenyewe, Ruwi. Si Matrah. Ruwi, kwenye mikahawa ya wafanyakazi, nyuma ya kituo cha mabasi. Chakula cha watu waliokuja kutafuta maisha. Ijumaa hii atajaribu kwa watu anaowajua, kabla Ramadhani haijaingia. Anayetaka aje.

Wazo zuri. Lilinichoma papo hapo. Miaka mingapi napita Ruwi nikienda benki, na macho yangu chini, kuepuka michuzi iliyomwagika njiani? Kwa nini halikunijia mimi? Nilidhani nikishakiri mbele ya daktari kijicho kitatoka. Hakijatoka. Kimekaa hapo, kimepungua sauti.

Mama kasoma ujumbe kwa miwani yake. "Tutakwenda," akasema.

"Mimi hajanialika."

"Wewe ni ukoo."

Ijumaa, 21 Februari

Tumekwenda Ruwi baada ya Asri.

Raya kamkumbatia Mama. Mimi kanipa mkono. Wengine waliokuja walikuwa wauguzi wa Kihindi wawili watatu, Waomani wa ofisini kwa Suleiman, na mwalimu mmoja. Suleiman mwenyewe kaitikia salamu yangu, kaishia hapo.

Tulikula chapati za mayai kwa Mhindi wa Kerala, tumesimama. Tukanywa chai ya karaki, ya maziwa mazito na iliki. Raya akasimulia Cork: watu wa kule walivyoondoka kwa makundi zamani, njaa imewatoa, viazi vimeoza ardhini, wengine hawakuonana na mama zao tena. Akasema kila mji wenye bandari una watu waliokuja na watu waliokwenda, na ukitaka kuwajua, tazama wanachokula Ijumaa. Nilikuwa nasikiliza kutafuta kosa. Halikuwepo. Yeye ni mzuri kuliko mimi kwa kazi hii.

Mwisho ulikuwa kwa Tumaini, mwanamke wa Morogoro. Alikuja Maskati kusafisha nyumba za watu, sasa anapika katika chumba chenye meza nne. Ugali, dagaa, mchicha. Akampigia Mama magoti kidogo, "Shikamoo mama, karibu." Mama akanawa, akala kwa raha, akaomba pilipili, akamuuliza Tumaini habari za kwao na watoto wake, mmoja mmoja. Hakuna aliyempiga picha. Alikuwa mtu anayekula.

Raya hakumtaja Mama katika hadithi zake hata mara moja.

Tulipotoka giza lilikuwa linaanza na njia zimejaa, siku ya mapumziko, wanaume maelfu wako nje wanapiga simu kwao. Mtu angeweza kupotea pale kwa urahisi. Raya akasimama kwenye ngazi, akatutazama wote, akahesabu kwa macho. Akaja mpaka nilipokuwa.

"Dada," akasema, "kaa nyuma kabisa. Wasipotee."

Akarudi mbele.

Nikakaa nyuma. Mwalimu alikuwa akisimama kila duka, nikamngoja. Muuguzi mmoja akainama kufunga kamba za viatu, nikamshikia mkoba. Mama alikuwa akitembea katikati yao, polepole, mtandio wake wa buluu nauona kila wakati. Huko mbele sauti ya Raya ilikuwa inakuja na kukatika kwa ajili ya magari, na mengine sikuyasikia.

Tulifika kituo cha mabasi. Hakupotea mtu.